Njia ya Dhahabu Ilipitia Shambani: Kisii, Nyamira na Watafutaji Madini wa Miaka ya 1930

Habari za dhahabu ya magharibi mwa Kenya zikisimuliwa, jina linalotajwa kwanza ni Kakamega, na mwaka unaotajwa ni 1931. Baadaye hutajwa Lolgorien, Macalder na vilima vya Migori. Kisii na Nyamira hazitajwi, au zikitajwa ni kama mahali pa kupita tu. Sababu inayotolewa inaonekana haina jibu: dhahabu haikuwa hapa, basi historia yake haiwezi kuwa hapa. Hoja yangu jioni hii ni kwamba sababu hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Mbio za dhahabu ni safari kabla ya kuwa uchimbaji. Mtu hafiki kwenye mwamba wenye dhahabu kwa tamaa peke yake. Hufika kwa barabara iliyolimwa na mtu, kwa mizigo iliyobebwa na mtu, na kwa chakula kilichopandwa, kikapaliliwa na kuvunwa na mtu. Tukiuliza barabara hiyo ilikuwa ya nani, mabega yalikuwa ya nani na unga ulitoka wapi, nyanda za juu za Wagusii zitaondoka pembeni mwa simulizi hii na kuingia katikati yake.

Tuanze na jinsi mbio zenyewe zilivyoanza, kwa maana watu hawakukimbilia mito ya Kavirondo, kama wakoloni walivyoliita eneo hili la magharibi, kwa sababu ya uvumi tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nzige walishambulia mashamba ya Kenya msimu baada ya msimu. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukafuata, na bei ya mahindi ikaporomoka hadi mlowezi wa Uasin Gishu au Trans Nzoia akawa halipwi hata gharama ya kuyasafirisha. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu. Bei ya aunsi moja, iliyokuwa karibu shilingi 85, ikaanza kupanda, na kufikia mwaka wa 1934 ilikuwa imepita shilingi 130. Mwaka huo huo wa 1934 Marekani nayo ilipandisha bei yake rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Kwa mkulima aliyefilisika mahindi yalikuwa hasara, ilhali dhahabu ilikuwa bidhaa pekee ambayo thamani yake ilikua kadiri dunia ilivyozidi kuwa maskini. Ndiyo maana mlowezi mwenye asili ya Marekani, L. A. Johnson, alipopata dhahabu ya mtoni karibu na Kakamega mwaka wa 1931, habari hizo zilipokelewa na watu waliokuwa tayari wamefunga virago. Mamia ya Wazungu waliteremka kutoka Eldoret, Turbo na Kitale kwa magari na kwa mikokoteni ya maksai, wakapiga mahema kando ya vijito na kuanza kupigilia vigingi katika ardhi ya watu. Mwaka wa 1932 serikali ilimleta mwanajiolojia Sir Albert Kitson kuyakagua maeneo hayo. Kufikia katikati ya muongo, makampuni kama Rosterman yalikuwa yanachimba chini ya ardhi kwa mitambo, na mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka wa 1952.

Vitalu vya Kakamega vilipojaa, macho yaligeukia kusini. Huko dhahabu haikuwa habari mpya. Lolgorien, katika eneo la Wamaasai la Trans Mara, ilikuwa imeanza kuchimbwa tangu miaka ya 1920, na ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, Wajerumani walikuwa wameanzisha mgodi wa Sekenke mwaka wa 1909. Sasa watafutaji walianza kuupima ukanda wote wa miamba unaotoka Lolgorien, ukapita Kihancha na Migori, hadi karibu na ziwa huko Nyatike, ambako mgodi wa Macalder ulikuja kupata jina. Ukanda huo wote, ukiondoa upande wa Wamaasai, ulikuwa katika wilaya iliyoitwa Kavirondo Kusini, na makao makuu ya wilaya hiyo hayakuwa Migori wala Homa Bay. Yalikuwa Kisii. Nyamira nayo haikuwa wilaya ya peke yake. Ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hiyo, chini ya boma hilo hilo.

Ukiichukua ramani ya miaka ile na kufuata njia kwa kidole, jambo hili linajionyesha lenyewe. Mtafutaji aliyetoka Mombasa au Nairobi alikuwa na njia mbili za kumfikisha kwenye dhahabu ya kusini. Ya kwanza ilikuwa reli hadi Kisumu, iliyofika ziwani Desemba 1901, kisha meli ya ziwa hadi Kendu Bay au Homa Bay, kisha barabara ya kupanda hadi Kisii kabla ya kuteremka tena upande wa Migori. Ya pili ilikuwa ya nchi kavu mfululizo: Nakuru, Kericho, Sotik, kisha mashamba ya walowezi yaliyo leo katika eneo la Borabu, Nyamira, kisha Keroka hadi Kisii. Aliyetaka Lolgorien aliondokea Kisii kuelekea Kilgoris. Aliyetoka Tanganyika alipitia Musoma na Tarime, na akitaka kuvuka kwenda Kakamega, njia ya kawaida ilimpandisha milimani kabla ya kumteremsha tena Kisumu. Zipo njia nyingine za kukatiza, hasa kwa aliyeshuka melini Karungu akatembea moja kwa moja hadi Nyatike, na sitaki kuzificha. Lakini daktari, posta, ofisi ya kodi, mahakama na maduka makubwa ya Wahindi yalikuwa Kisii, na mtu mwenye kambi ya uchimbaji huweza kukaa muda mrefu zaidi bila dhahabu kuliko anavyoweza kukaa bila mambo hayo.

Sasa, barabara hizo zilitoka wapi? Vitabu vingi vya walowezi vinamchora mtafutaji dhahabu akipasua pori lisilo na njia. Kwa Kavirondo Kusini picha hiyo si kweli hata kidogo. Muda mrefu kabla ya gari la kwanza, Wagusii na Waluo walikuwa wakikutana kwenye masoko ya mpakani, wimbi na majembe ya chuma yakishuka kutoka milimani, mifugo na vyungu vikipanda kutoka tambarare. Njia za miguu za biashara hiyo ndizo zilizojua ni wapi mto unavukika wakati wa masika na ni mgongo upi wa kilima hautelezi. Waingereza walipofungua kituo Karungu mwaka wa 1903, kisha wakakihamishia Kisii mwaka wa 1907, walipanda kwa njia zilizokuwepo. Majeshi yao ya mwaka wa 1905, na yale ya 1908 yaliyoletwa baada ya Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumchoma mkuki afisa Northcote, yalipita njia hizo hizo, yakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe njiani. Septemba 1914 Wajerumani nao walipanda kutoka upande wa Shirati, wakaingia Kisii, na tarehe 12 mwezi huo mapigano yakapiganwa hapa. Kwa hiyo watafutaji wa miaka ya 1930 walirithi njia ya wafanyabiashara ambayo majeshi nayo yalikuwa yameitumia.

Kuipanua njia hiyo iwe barabara kuna wenyewe waliokufanya, nao hawakulipwa. Chini ya sheria ya mwaka wa 1912 kuhusu mamlaka ya wenyeji, chifu aliweza kuwaita watu wa kata yake kufanya kazi ya jumuiya bila ujira, na kazi iliyoitwa zaidi ilikuwa barabara. Udongo wa milima hii ni mwekundu na wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha alasiri, na hapa hunyesha alasiri karibu kila siku ya masika, barabara isiyochimbiwa mitaro hukatika kwa usiku mmoja. Ili gari la tani moja na nusu lenye ngoma za mafuta, mabomba na vyuma vya kusagia mawe lipande kutoka ziwani bila kukwama, ilibidi watu wa kila kijiji cha njiani waamke na majembe kufukua mitaro, kujaza changarawe na kufunga madaraja ya magogo, mwaka baada ya mwaka. Daftari za makampuni zina gharama za baruti na zebaki. Kazi ya mitaro hiyo haikuandikwa popote kama gharama ya dhahabu, na kwa kuwa haikuandikwa, wanahistoria wameizoea kama mandhari.

Jambo hili si la Kavirondo peke yake. Watu wa Klondike, mbio za dhahabu zilizovuma sana kule Yukon, Kanada, wanakumbukwa kwa picha ya mstari mrefu wa wanaume wakipanda mlima wa theluji wa Chilkoot na mizigo mgongoni. Dhahabu ile ilipatikana Agosti 1896, na mmoja wa waliokuwepo kwenye ugunduzi alikuwa Keish, mwenyeji wa huko aliyejulikana kwa wageni kama Skookum Jim. Watu wapatao 100,000 waliondoka makwao kuifuata. Waliofika mji wa Dawson pengine hawakuzidi 40,000. Njia ya Chilkoot yenyewe ilikuwa njia ya biashara ya Watlingit, walioimiliki, waliotoza wapitaji, na waliobeba mizigo kwa bei waliyopanga wao. Serikali ya Kanada ilipohofia njaa, ilikataza mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima, shehena ya karibu tani moja na vifaa vyake. Amri hiyo ina somo kubwa. Inakiri kwamba kizuizi cha kwanza cha mtafutaji dhahabu ni tumbo. Kule Yukon, ambako hakuna mahindi yanayoota, tumbo lilijazwa na meli kutoka Seattle. Hapa lilijazwa na nani?

Jibu limo ndani ya ardhi yenyewe, na ni sehemu ya hoja yangu ninayoithamini zaidi. Ukisoma taarifa ya kijiolojia ya R. M. Shackleton ya mwaka wa 1946 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori, kisha ile ya A. Huddleston ya mwaka wa 1951 kuhusu wilaya ya Kisii, unaona nchi mbili zilizopakana. Dhahabu ya Migori imo katika miamba ya kale mno, ile ambayo wanajiolojia huiita ya Nyanza, iliyokunjwa na kupasuka na kujazwa mishipa ya kwatzi (quartz). Sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kisii na Nyamira imefunikwa na miamba michanga zaidi iliyolala juu ya ile ya kale: lava za volkano, mawe magumu kama yale ya ukingo wa Manga, na pia jiwe laini la Tabaka ambalo wachongaji wetu wamelipeleka duniani kote. Kifuniko hicho ndicho kilichotunyima mishipa ya dhahabu. Lakini lava zilizooza ndizo zilizotupa udongo mwekundu mzito, na mwinuko wa mita 1,700 hapa Kisii, na zaidi ya hapo tukielekea Nyamira, huvuta mvua inayotosha misimu miwili ya kilimo kwa mwaka. Nyatike, chini karibu na ziwa, ina dhahabu na mvua haba. Mto Gucha unaziunganisha nchi hizo mbili: huanzia milima ya Nyamira, ukapita Kisii, kisha ukateremka hadi Migori na Nyatike ukiitwa Kuja, ukaingia ziwani. Chakula kilifuata mteremko huo huo.

Tupime kiasi chake kwa hesabu ambayo kila mtu anaweza kuirudia. Posho ya kawaida ya kibarua katika Kenya ya wakati ule ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku, yaani karibu gramu 900. Kambi yenye vibarua 1,000 ilihitaji ratili 2,000 kila siku. Gunia la mahindi lilikuwa la ratili 200, ndizo kilo 90 tunazozijua hadi leo. Kwa hiyo kambi moja ya ukubwa huo ilikula magunia kumi kwa siku, zaidi ya 3,600 kwa mwaka, kabla hujaongeza maharagwe, ndizi, wimbi la pombe na nyama. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa ratili 60. Magunia kumi ni mizigo zaidi ya thelathini inayoteremka mlima kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sasa waza asubuhi ya kugawa posho: mnyapara amesimama kwenye pipa, kibaba mkononi, vibarua wamepanga foleni na mifuko yao ya kitambaa, karani anatia alama kwenye daftari. Unga ule umesagwa kwenye kinu, labda kimoja cha vile vinu vya maji vilivyoenea Kavirondo miaka hiyo, na mahindi yake yamepandwa na mwanamke ambaye hajawahi kuiona kambi. Nasema mwanamke kwa makusudi. Katika boma la Kigusii jembe la chakula lilikuwa mkononi mwake, na wanaume walipoitwa barabarani au walipokwenda kibarua, lilizidi kuwa lake peke yake. Kama kuna mtu mmoja aliyeibeba safari ya dhahabu ya Kavirondo Kusini bila jina lake kuandikwa, ndiye huyo.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia, na ni la haki, ni kwamba ninaikuza migodi kupita kiasi. Majani chai ya Kericho, yaliyoanza kulimwa na makampuni makubwa katikati ya miaka ya 1920, yalikuwa karibu zaidi, yalidumu zaidi, na yalichukua Wagusii wengi kuliko migodi. Nakubali kila neno. Lakini nani alisema kipimo ni idadi ya vibarua tu? Kodi ya nyumba ilimlazimisha kila mwenye boma kutafuta shilingi, na kulikuwa na njia mbili za kuzipata: kuuza nguvu zake mbali na kwao, au kuuza mavuno yake. Soko la mahindi lilipokufa katika mdororo, njia ya pili ilizibika, na wakulima wengi wa Kenya walisukumwa kwenye kibarua. Migodi ilifungua tena njia hiyo kwa watu wa milima hii, kwa sababu ilihitaji chakula karibu na ililipa papo hapo. Robert Maxon, aliyeandika historia ya Wagusii na Waingereza kuanzia 1907 hadi 1963, ameonyesha jinsi Wagusii walivyoelekea kwenye kilimo cha kuuza kila walipopata nafasi. Kahawa ilipoanza kuruhusiwa kwa Waafrika katikati ya miaka ya 1930, Kisii ilikuwa, pamoja na Meru, miongoni mwa sehemu za kwanza kujaribiwa. Siwezi kusema dhahabu ndiyo iliyoleta kahawa. Hiyo ingekuwa kuruka hatua. Nasema watu waliokuwa wamekwisha kujua thamani ya kuuza zao lao karibu na nyumbani hawakuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Pingamizi la pili lina uzito wa aina nyingine. Linasema kwamba kuzungumzia masoko na hiari ya Mgusii ni kuupamba ukoloni, kana kwamba mbio za dhahabu zilikuwa baraka. Hapa lazima tuseme wazi kilichotokea. Mwaka wa 1930 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya udhamini wa ardhi ya wenyeji, ikaahidi kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji milele, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kwa manufaa ya umma kitafidiwa kwa ardhi nyingine yenye ukubwa sawa, baada ya baraza la wenyeji kushauriwa. Dhahabu ilipoonekana Kakamega, ahadi hiyo ya milele haikumaliza miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilibadilishwa ili ardhi iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila kutoa ardhi badala yake. Mwenye shamba angelipwa fedha, na lile sharti la kushauriana likalegezwa. Arkidikoni (shemasi mkuu) W. E. Owen, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi huku Kavirondo, aliipinga hatua hiyo kwa nguvu. Lord Lugard, gavana mstaafu wa kikoloni ambaye hakuna anayeweza kumwita adui wa himaya, naye aliipinga hadharani Uingereza. Haikusaidia. Na sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Kakamega pekee. Ilihusu hifadhi zote, pamoja na za Kavirondo Kusini. Kila mwenye shamba kuanzia Nyamira hadi Nyatike aliamka siku moja akikuta kwamba umiliki wake unategemea kile ambacho mgeni mwenye nyundo anaweza kukikuta chini ya mihogo yake. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja: mkulima alipata soko, na mkulima huyo huyo alipoteza uhakika wa ardhi yake. Mwanahistoria anayeona moja tu kati ya hayo hajaona nusu ya kazi yake.

La tatu ni pingamizi la wanaomtetea mtafutaji mwenyewe: kwamba alikuwa na ujuzi na ujasiri, na kwamba bila jicho lake dhahabu ingebaki mtoni. Ujuzi huo sitaudharau. Kuosha dhahabu kwa karai ni kazi ya subira. Changarawe huchotwa ukingoni mwa mto, hutiwa maji, huzungushwa na kuinamishwa kidogo kidogo hadi mawe mepesi yatoke, ubaki mchanga mweusi wa chuma, na mwishoni, kama bahati ipo, mkia mwembamba wa manjano usiojaza ukucha. Mtu anayeweza kuifuata dalili hiyo ndogo kijito hadi kijito mpaka kwenye mwamba ilikotoka amestahili heshima. Lakini wachimbaji wa Kiafrika walijifunza kazi hiyo haraka, wakaifanya wao kwa sehemu kubwa, na leo wanaifanya bila mwalimu. Kuhusu hatari, tuulize ilimwangukia nani. Mtafutaji aliyeshindwa alirudi shambani kwake Uasin Gishu na deni. Kibarua aliyeangukiwa na mwamba hakurudi popote. Hata hivyo, majina yaliyobaki kwenye ramani ni Rosterman na Macalder.

Haya yanatuhusu leo kwa njia iliyo dhahiri. Macalder ilifungwa mwaka wa 1966, lakini dhahabu ya Migori haijaisha. Maelfu ya wachimbaji wadogo, wanawake kwa wanaume, wanachimba Osiri, Masara, Mikei na kwingineko, wakisaga mawe kwa mashine za dizeli na kukamata dhahabu kwa zebaki wanayoichoma kwa moto bila kinga. Lolgorien nayo bado inachimbwa. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, jambo ambalo sheria za kikoloni hazikufikiria. Lakini mjadala wetu wote unaanzia na kuishia kwenye shimo: leseni ya nani, mrabaha wa nani, kaunti ipi ipate asilimia ngapi. Hakuna anayeuliza kuhusu barabara inayopeleka ndizi, mahindi na kabeji kutoka Nyamira na Kisii hadi kwenye mashimo hayo. Ni wachache wanaouliza kuhusu zebaki inayoishia katika maji yale yale ya Kuja na kuingia kwenye samaki wanaorudi kuuzwa katika soko la Daraja Mbili hapa Kisii. Mipaka ya kaunti ni ya jana tu, na mpaka wa uchumi wa dhahabu haujawahi kuifuata.

Nimalizie kwa ombi mahususi, kwa sababu ushahidi niliouegemea jioni hii una pengo moja kubwa. Tunazo taarifa za maafisa na wanajiolojia, na tunao utafiti wa wasomi. Kinachokosekana ni sauti za waliobeba, waliolima na waliochimba mitaro, na waliowasikia wakisimulia sasa ni wazee sana. Naziomba idara za historia, hasa ya Chuo Kikuu cha Kisii, ziwatume wanafunzi wao vijijini msimu huu wa likizo, si mwaka ujao, kuanzia Keroka, Nyamira, Suneka na Etago, wawaulize wazee wa kike kwa wa kiume baba na mama zao waliuza nini, kwa nani, na kwa njia ipi. Na kwa kila mwenye nyumba aliyerithi sanduku la babu lenye kipande cha kazi, stakabadhi ya kodi au cheti cha kampuni ya madini, nakusihi: usikichome wala usikitupe. Kipige picha, andika nyuma yake jina la mwenyewe na kijiji chake, kisha nakala ifike Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Nairobi, ambako kwa sasa mafaili ya Kavirondo Kusini yamejaa zaidi maandishi ya maafisa.